Kauboi wa Filamu na Magharibi ya Kweli: Damu Ilimwagika Wapi?

Msomaji wetu anauliza: "Baba yangu alikuwa mpenzi mkubwa wa filamu za kauboi tangu enzi za majumba ya sinema, na sasa ninamtafutia filamu hizo tuziangalie pamoja nyumbani. Je, Magharibi ya Marekani ilikuwa kweli nchi ya kupigana bastola barabarani namna ile? Na kama haikuwa hivyo, ilikuwaje Wamarekani wenyewe wakaamini, na sisi wa huku tukaamini pamoja nao? Nianze na filamu zipi?"

Ndugu msomaji,

Swali lako la kwanza lina jibu fupi, nalo ni hapana. Lakini jibu hilo likiachwa peke yake linapotosha, kwa sababu mtu anaweza kudhani kwamba Magharibi ya Marekani ilikuwa shwari, na haikuwa shwari hata kidogo. Filamu hizo zilizidisha damu, ni kweli, ila kosa lao kubwa zaidi liko katika mahali zilipoiweka. Ziliimwaga barabarani mchana kweupe, kati ya wanaume wawili wenye silaha zinazolingana, ilhali sehemu kubwa ya damu halisi ilimwagika alfajiri, katika kambi za watu waliokuwa bado hawajaamka.

Tuanze na hizo barabara. Kipindi ambacho karibu filamu zote hizi zinakisimulia ni kifupi mno. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na mamilioni ya ng'ombe wasio na soko, na miji ya mashariki ilikuwa na hamu ya nyama. Reli ilipofika Kansas, mfanyabiashara Joseph McCoy alijenga mazizi ya kupakilia mifugo katika kijiji cha Abilene mwaka 1867, na tangu hapo vikundi vya wanaume kumi au kumi na wawili vikawa vinaswaga ng'ombe elfu mbili hadi tatu kwa mkupuo, kwa mwendo wa kilomita 16 hadi 24 kwa siku, kwa miezi miwili au mitatu, kwa ujira wa dola 30 hadi 40 kwa mwezi. Kazi yenyewe ilikuwa ya vumbi, usingizi wa mang'amung'amu na hofu ya ng'ombe kutimka usiku. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani karibuni, na ujuzi wote wa kazi hiyo, kuanzia tandiko hadi kamba ya kitanzi, ulirithiwa kutoka kwa wachungaji wa Mexico. Kufikia kipupwe kikali cha 1886 na 1887, kilichoangamiza mifugo mingi mno nyandani, mambo yalikuwa yamekwisha: seng'enge, ambayo Joseph Glidden aliipatia hataza mwaka 1874, ilikuwa imefunga malisho, na reli zilikuwa zimewafuata ng'ombe huko huko walikokuwa. Hiyo ni miaka ishirini tu, na Hollywood iliisimulia kwa zaidi ya miaka sitini.

Na zile bastola? Mwanahistoria Robert Dykstra alihesabu mauaji yaliyotokea tangu mwaka 1870 hadi 1885 katika miji mitano ya Kansas iliyopokea ng'ombe, ikiwemo Dodge City yenye sifa mbaya kuliko yote, akapata watu 45 kwa miji yote na kwa miaka yote hiyo. Kuna filamu inayoifikia idadi hiyo kabla mtazamaji hajamaliza bisi zake. Sababu mojawapo ni kwamba wafanyabiashara wa miji hiyo walitaka fedha za kauboi bila fujo zake, kwa hiyo walipiga marufuku kubeba silaha mjini, na mgeni alitakiwa kuikabidhi bastola yake na kuichukua siku ya kuondoka.

Hapo ndipo mkasa maarufu kuliko yote unapovutia kuuchunguza kwa karibu. Mapigano ya Tombstone, Arizona, ya tarehe 26 Oktoba 1881, yanajulikana duniani kote kwa jina la zizi la O.K., ingawa hayakupiganwa zizini; yalipiganwa katika kiwanja chembamba kando ya nyumba ya wageni na studio ya picha ya bwana Fly. Yalidumu takriban nusu dakika, risasi zipatazo thelathini zikifyatuliwa kwa umbali wa hatua chache. Uhasama ulikuwa wa muda mrefu, lakini kilichowakutanisha watu wale saa ile kilikuwa sheria ndogo ya mji iliyokataza kubeba silaha: Virgil Earp, mkuu wa usalama wa mji, aliwachukua ndugu zake Wyatt na Morgan pamoja na daktari wa meno Doc Holliday, wakaenda kuwanyang'anya silaha mahasimu wao, akina Clanton na McLaury. Billy Clanton na ndugu wawili wa McLaury waliuawa. Ike Clanton, ambaye vitisho vyake ndivyo vilivyokuwa vimechochea moto huo tangu usiku uliotangulia, alikimbia. Hakuna aliyebebwa juu juu kwa shangwe. Wyatt na wenzake walishtakiwa kwa mauaji, na shauri la awali lilisikilizwa kwa karibu mwezi mzima kabla ya hakimu Wells Spicer kuwaachia. Kisha Virgil akaviziwa na kupigwa risasi iliyomlemaza mkono, Morgan akauawa, na Wyatt, baada ya kulipiza kisasi, akaondoka Arizona huku akitafutwa na vyombo vya sheria.

Sasa itazame filamu ya My Darling Clementine, aliyoitoa mwongozaji John Ford mwaka 1946. Wyatt ni mchunga ng'ombe mpole anayepita tu. Akina Clanton wanamwibia mifugo na kumuua mdogo wake James, naye anakubali kuvaa nyota ya usalama ili haki itendeke. James halisi alikuwa mkubwa kuliko Wyatt, na aliishi hadi mwaka 1926. Virgil anauawa katika filamu, ilhali Virgil halisi alifariki mwaka 1905. Mzee Clanton, adui mkuu wa filamu, katika maisha halisi alikuwa amekwisha kufa miezi miwili kabla ya mapigano. Doc Holliday anafia vitani, wakati Holliday halisi aliuawa na kifua kikuu kitandani mwaka 1887. Hata mji wenyewe umehamishwa: Tombstone iko kusini mwa Arizona, karibu na Mexico, lakini Ford aliupeleka kwenye majabali mekundu ya Monument Valley, kaskazini kabisa, katika ardhi ya Wanavaho, kwa sababu tu majabali yale yanapendeza.

Ukiitazama kama historia, basi, filamu hiyo haina kinachofaa kuokolewa. Lakini katikati yake kuna asubuhi ya Jumapili ambayo kwangu ni miongoni mwa vipande bora vilivyowahi kupigwa Hollywood: Wyatt, ametoka kinyozi akiwa amepakwa manukato, anatembea na Clementine polepole kuelekea kanisa ambalo bado halina kuta, lina sakafu na mnara tu, bendera zikipepea, na watu wa mji wanamwachia nafasi acheze dansi, naye hajui miguu aiweke wapi. Hapo Ford anatoa hoja yake bila kuitamka. Sakafu ile ni taifa linalojengwa, na bastola itakayolia siku inayofuata ndiyo gharama ya kulijenga. Mtazamaji akishaipenda ile sakafu, ameshaikubali bastola. Kwamba mapigano halisi yalihusu sheria ya kuzuia silaha hakutajwi popote, na kusingeweza kutajwa bila hoja nzima kuporomoka.

Huenda ukadhani kwamba upotoshaji huu ulifanywa na watu wa sinema waliokuja baadaye. Wahusika wenyewe walikuwa wameuanza mapema. Wyatt Earp aliishi hadi mwaka 1929, akafia Los Angeles, na miongoni mwa waliobeba jeneza lake walikuwa William S. Hart na Tom Mix, mastaringi wakubwa wa filamu za kauboi za enzi ya sinema bubu; Ford naye alidai kwamba Earp mwenyewe ndiye aliyemchorea jinsi mapigano yalivyokwenda. Hata hivyo bingwa wa mchezo huo alikuwa William Cody, yaani Buffalo Bill. Mwezi Julai 1876, wiki tatu baada ya kikosi cha kamanda wa Kimarekani Custer kuangamizwa na wenyeji asilia huko Little Bighorn, Cody alitoka kwenye jukwaa la maigizo akaenda kuwa mpelelezi wa jeshi, na asubuhi aliyotarajia mapambano alivaa vazi lake la jukwaani la mahameli nyeusi lenye nakshi. Siku hiyo alimuua shujaa wa Wacheyenne aliyeitwa Yellow Hair, akamchuna ngozi ya kichwa, na msimu uliofuata akaigiza tukio hilo mbele ya watazamaji akiwa na vazi lile lile, ambalo sasa angeweza kuapa kwamba lilivaliwa vitani.

Mwaka 1883 alianzisha onyesho kubwa la wazi lenye farasi, nyati, wapiga shabaha na wenyeji asilia halisi. Sitting Bull, kiongozi wa Walakota aliyekuwa amepigana na Marekani, alizunguka na onyesho hilo msimu wa 1885 kwa malipo ya dola 50 kwa wiki. Desemba 1890 Sitting Bull aliuawa na polisi waliotumwa kumkamata, na wiki mbili baadaye jeshi likawapiga risasi Walakota huko Wounded Knee, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 150 na 300, wengi wao wanawake na watoto. Baadhi ya wafungwa waliokamatwa katika msukosuko huo walikabidhiwa kwa Cody mwaka uliofuata ili wakaigize Ulaya.

Kiangazi cha mwaka 1893 onyesho hilo lilipiga kambi Chicago, nje ya uzio wa maonyesho makubwa ya dunia. Mwezi Julai, katika mkutano wa wanahistoria uliofanyika kwa ajili ya maonyesho hayo hayo, mhadhiri wa Wisconsin mwenye umri wa miaka 31, Frederick Jackson Turner, alisoma makala ambayo kwa vizazi viwili iliamua jinsi Wamarekani watakavyojieleza. Sensa ya mwaka 1890 ilikuwa imetangaza kwamba mstari wa mpaka, yaani ukingo wa makazi ya walowezi uliokuwa ukisogea magharibi mwaka hadi mwaka, hauonekani tena kwenye ramani. Turner alidai kwamba mpaka huo ndio uliomfanya Mmarekani: kwa kuanza upya kila mara kwenye ardhi ya bure, alivua tabia za Ulaya akajifunza usawa, kujitegemea na demokrasia. Katika simulizi lake mshindi alishika jembe, na wenyeji asilia wanaonekana kwa nadra. Katika simulizi la Cody mshindi alishika bunduki, na wenyeji asilia wamejaa tele, lakini daima ndio wanaoshambulia: kibanda cha mlowezi kimezingirwa, gari la abiria linafukuzwa, na Cody anafika na wapanda farasi wake dakika ya mwisho. Sinema ilipozaliwa ilichukua picha kwa Cody na hitimisho kwa Turner, na mchanganyiko huo ndio kisasili cha mpaka tunachokizungumzia.

Kisasili hicho kinaficha mambo mawili. La kwanza ni serikali. Katika filamu mtu mmoja na farasi wake wanaifungua nchi, na serikali, ikitokea, ni kikosi cha wapanda farasi kinachopuliza tarumbeta. Katika hali halisi mlowezi alikalia ekari 160 alizopewa kwa sheria ya bunge ya mwaka 1862, akasafiri kwa reli ambazo serikali kuu ilizigawia zaidi ya ekari milioni 100 za ardhi, na akalindwa na ngome zilizoendeshwa kwa kodi. Reli ya kwanza kuvuka bara, iliyounganishwa Utah tarehe 10 Mei 1869, ilijengwa kwa upande wa California na Wachina zaidi ya elfu kumi, ambao utawatafuta kwa tochi katika filamu nyingi za zamani. Mtu anayejitegemea alitegemea mengi.

La pili ni zito zaidi. Alfajiri ya tarehe 29 Novemba 1864, kando ya kijito cha Sand Creek huko Colorado, kanali John Chivington, aliyekuwa pia mhubiri wa Kimethodisti, aliwaongoza askari wa kujitolea kuishambulia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho waliokuwa wameambiwa kwamba wako chini ya ulinzi wa jeshi. Chifu Black Kettle alipandisha bendera ya Marekani juu ya hema lake, na bendera nyeupe pamoja nayo, ili askari waone. Waliuawa watu wanaokadiriwa kufikia 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Asubuhi hiyo moja inaizidi mara tano hesabu ya Dykstra ya miaka kumi na tano. Huko California, wenyeji asilia waliokuwa wapatao 150,000 mwaka 1848 walibaki 30,000 kufikia 1870, kwa maradhi, njaa na mauaji ya makusudi. Kisha ikaja karatasi: sheria ya mwaka 1887 iliyoigawa ardhi ya jumuiya kuwa viwanja vya mtu mmoja mmoja, na kilichobaki kuuzwa, iliipunguza ardhi ya wenyeji asilia kutoka ekari milioni 138 hadi milioni 48 kufikia mwaka 1934. Karani anayepiga mhuri hafai kuwa staringi, kwa hiyo upande huo haukupigiwa filamu.

Badala yake tukapewa magari yaliyopangwa duara, wanawake wakijaza bunduki, na wapanda farasi wakizunguka nje wakipiga mayowe. Nadhani hiyo ndiyo hila kubwa kuliko zote katika historia ya sinema: anayevamia anaonyeshwa kama aliyezingirwa. Katika Stagecoach ya mwaka 1939, filamu iliyomfanya John Wayne kuwa nyota, kamera imo garini pamoja na abiria, tunawajua kwa majina na aibu zao, na Waapache wanaowafukuza, walioigizwa na Wanavaho wa kukodiwa, hawana hata mmoja mwenye jambo la kusema. Ukikaa upande huo wa kamera, huwezi kuuliza gari lile linapita katika ardhi ya nani.

Ingekuwa si haki kuishia hapo, maana waongozaji bora waliijua hila hii na mara nyingine waliigeuzia kisu. The Searchers, ambayo Ford aliitoa mwaka 1956, inamfuata Ethan Edwards, Wayne huyo huyo, akimtafuta kwa miaka mingi mpwa wake aliyetekwa na Wakomanche. Na kadiri safari inavyorefuka ndivyo tunavyotambua kwamba anataka kumpata ili amuue, kwa kuwa amekuwa mke wa mtekaji wake. Mapema kabisa Ethan anafukua maiti ya Mkomanche na kuipiga risasi machoni, ili kwa imani ya Wakomanche roho ya marehemu itangetange milele. Yaani anaijua dini ya watu wale kiasi cha kuweza kuwatesa baada ya kufa. Baadaye anakuta kambi kwenye theluji iliyochomwa na jeshi, na miongoni mwa maiti yumo mwanamke mpole aliyekuwa hana kosa lolote. Sitaki kuisafisha filamu hii kupita kiasi: chifu Scar ameigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin, na mwanamke huyo huyo wa kambini alifanywa kichekesho kabla ya kuuawa. Zaidi ya hayo, kisa halisi kinachokaribia hadithi hii kilikwenda kinyume. Cynthia Ann Parker alitekwa Texas mwaka 1836 akiwa na miaka kama tisa, akaishi na Wakomanche miaka 24, akazaa watoto, na "alipookolewa" mwaka 1860 alijaribu tena na tena kutoroka arudi kwao. Mwanawe Quanah akawa kiongozi mashuhuri wa Wakomanche. Hollywood haikuwa tayari kumpiga mwanamke mweupe anayelilia kurudi kambini.

Kufikia miaka hiyo filamu ya kauboi ilikuwa imekuwa uwanja ambao Wamarekani waligombania mambo yao ya wakati huo huku wakijifanya wanazungumzia ya zamani. High Noon ya mwaka 1952 inamwonyesha mlinzi wa mji akiomba msaada kwa majirani, mmoja baada ya mwingine wakimfungia mlango, wakati saa ya ukutani ikikaribia adhuhuri ambapo muuaji atashuka kwenye treni. Mwandishi wake, Carl Foreman, aliitwa mbele ya kamati ya bunge iliyowasaka wakomunisti wakati akiiandika, marafiki wakamkwepa, na akahamia Uingereza. Wayne aliichukia filamu hiyo, hasa mlinzi huyo, aliyeigizwa na Gary Cooper, anapoitupa nyota yake vumbini, naye pamoja na mwongozaji Howard Hawks wakaijibu kwa Rio Bravo mwaka 1959, ambamo mlinzi anakataa msaada wa wasioiweza kazi. Na mwaka 1989 Solidarność, chama cha wafanyakazi cha Poland, ilimchapisha Cooper huyo huyo kwenye bango la uchaguzi, karatasi ya kura mkononi badala ya bastola. Kisasili kizuri hakikai mkononi mwa aliyekitunga.

Hapo tunafika kwenye sehemu ya swali lako inayotuhusu sisi. Katika miji ya migodi ya shaba ya iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia, watazamaji wa miaka ya ukoloni walimwita staringi wa kila filamu ya kauboi Jeke, awe nani awe nani, wakapiga kelele "Jeke! Jeke!" ukumbi mzima. Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, vijana wa miaka ya 1950 walijiita Bills kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa jinzi na vitambaa shingoni na kubuni lugha yao ya mitaani. Watawala walihofia filamu hizi na kuzikata vipande, wakidhani zinafundisha ujambazi. Wengi leo hushangaa kwamba watu waliotawaliwa na walowezi waliweza kumshangilia mlowezi. Mimi sioni kwamba walimshangilia kwa hilo. Walimshangilia mtu asiye na bwana mkubwa, asiyeomba kibali cha kupita, anayetembea kwa madaha na anayejibu tusi palepale. Na katika nchi yenye vipande, yaani vitambulisho vya lazima, na amri ya kutotoka usiku, hilo lilikuwa jambo la kushangiliwa. Filamu za Waitaliano zilizopigwa Hispania miaka ya 1960, zile za Sergio Leone na za Django, zilikolea zaidi kwetu kwa sababu ziliacha kanisa na bendera kabisa, zikabaki na madaha, fedha na muziki.

Kuna uhusiano wa karibu zaidi, ambao baba yako anaweza kuukumbuka. Mwishoni mwa mwaka 1960 Howard Hawks alimleta John Wayne Tanganyika kupiga Hatari!, hasa maeneo ya Arusha na Momella. Hadithi ni ya kikundi cha watu kinachokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo, na waigizaji walifanya sehemu kubwa ya ukamataji wenyewe: Wayne ameketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya lori, ameshika mti mrefu wenye kitanzi, lori likimfukuza kifaru kwenye mbuga. Ukiwa umeitazama Red River, filamu ya kuswaga ng'ombe ambayo Hawks na Wayne waliitoa mwaka 1948, huhitaji maelezo. Lori limechukua nafasi ya farasi, kifaru nafasi ya fahali, na tambarare chini ya Meru nafasi ya Texas. Wenyeji wako pembeni wakisaidia na kushangaa, na nchi inaonekana kana kwamba inamsubiri mwanamume shupavu aje aitumie. Ilipigwa kabla ya Uhuru na ikatoka baada ya Uhuru, mwaka 1962, na ndani yake huoni dalili yoyote kwamba kuna jambo linakaribia kubadilika. Ninaipenda kwa vumbi lake na kwa zile mbio za kweli. Bado ni kisasili kile kile, kimepanda meli tu.

Kwa nini filamu hizi zilififia, nitasema kwa ufupi. Televisheni ilizichosha, ikizionyesha kila usiku miaka ya 1950. Vita vya Vietnam vikafanya wengi waone kijiji kinachochomwa na wasiweze tena kukaa upande wa anayechoma. Na wenyeji asilia wakaanza kusikika, kwa kishindo zaidi mwaka 1973 walipoishikilia Wounded Knee kwa siku 71. Filamu ya kauboi haikufa, lakini ilipoteza uhakika wake.

Sasa orodha ya sebuleni kwako. Anzeni na Stagecoach, kwa kuwa ina kila kitu na haichoshi, kisha My Darling Clementine mkijua mliyoyasoma hapa. Shane ya mwaka 1953 itazameni kwa ajili ya tukio moja: mlowezi mdogo wa mwili anapigwa risasi na muuaji wa kukodiwa na kurushwa nyuma matopeni. Kumrusha vile walimvuta kwa waya, na tangu hapo risasi katika sinema ikaanza kuwa na uzito. Fuatisheni The Searchers, halafu The Man Who Shot Liberty Valance ya mwaka 1962, ambamo Ford mzee anakiri wazi kwamba seneta mashuhuri amejenga jina lake juu ya risasi iliyofyatuliwa na mtu mwingine gizani, na mhariri wa gazeti anayeambiwa ukweli anaichana karatasi aliyouandikia. Humo kuna darasa ambamo Pompey, mtumishi mweusi aliyeigizwa na Woody Strode, anakariri Tangazo la Uhuru la Marekani na kukwama kwenye maneno ya usawa wa watu wote. Mwalimu anamtuliza kwamba wengi huisahau sehemu hiyo. Baada ya hapo ndipo muingie Unforgiven ya Clint Eastwood ya mwaka 1992, ambayo haitaeleweka vizuri kwa asiyezijua zile za mwanzo. Ina ukatili na lugha kali, kwa hiyo kama kuna watoto nyumbani isubiri hadi wamelala.